Mkanda wa Marehemu Mihayo

Mzee Mihayo Lufunga alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, na moyo wake ulikuwa unaendelea vizuri.

Habari ya kuzikwa sikuwa nayo. Nilikuwa na moyo tu. Nilikuwa ofisini Dodoma, feni ya darini imeharibika, nikitazama mapigo ya wagonjwa wetu wa majaribio wa Urambo yakipita kwenye skrini, na ya mzee huyu yakanikwaza. Mapigo ya moyo ni kama mwendo wa mtu barabarani: ukiyazoea unamtambua mwenyewe kabla hajageuka. Moyo wa mzee Mihayo ulikuwa mzito, wa taratibu, unaoburuta mguu. Kisha Jumamosi moja mchana ukaja moyo mwingine kabisa, unakimbia, unajikwaa, unasita, unakimbia tena. Jioni ukaondoka. Kuanzia Jumapili ukaja wa tatu, ambao haukuwa wa huyu wala wa yule, umewachanganya wote wawili, na huo ndio ulioendelea mpaka siku ile niliyokuwa nautazama. Ulikuwa mtulivu. Haukuwa na pengo hata moja.

Hilo la pengo ndilo lililonifanya nisogeze kiti. Urambo, masika hayajaisha, minara ya simu inazimika kila radi ikikohoa, halafu huyu mzee hana pengo?

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu anasema nilimshuku hata mkunga aliyenipokea. Bahati nzuri wapo watu wanaolipa mshahara kwa tabia hiyo. Kampuni yetu ilitengeneza mkanda wa moyo: unafungwa kifuani, unasoma mapigo, na una kichupa chenye sindano nyembamba kinachodondosha dawa kadiri moyo unavyohitaji. Mkanda wenye akili yake wenyewe ungeuzwa bei ya shamba, kwa hiyo wetu ulikuwa na akili ya kukodi. Mapigo yalipanda kupitia minara ya simu mpaka kwenye hifadhidata ya wingu, yakalinganishwa na historia ya mgonjwa, kisha agizo la dawa likashuka kwa setilaiti kama matangazo ya redio. Kushuka ni rahisi. Kupanda ndiyo kazi.

Hifadhidata hiyo hatukuijenga sisi. Iliitwa Hodhi, mali ya kampuni nyingine, na maduka, mabenki na kampuni za mabasi walikuwa wanaitumia bila lawama. Lakini programu ya watu wengine haiingii kwenye kifaa cha tiba mpaka mtu aikague na kutia sahihi. Mtu huyo ni mimi, Damari Ndahani. Huwa naichukulia programu kama mgeni anayeomba kulala kwangu. Sifa zake hazinishughulishi. Najiuliza atavunja nini nikimwacha peke yake nyumbani.

"Damari," mkurugenzi wetu, Mhandisi Elinami, aliniambia asubuhi ile akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, "masika yanakwisha na hakuna mgonjwa wetu hata mmoja aliyekufa kwa moyo. Unatafuta nini tena?"

"Kasoro, bosi."

"Na usipoiona?"

"Nitajua sijatafuta vizuri."

Alicheka, ila si sana. Mikanda ilikuwa imejaa stoo ikisubiri sahihi yangu, na wagonjwa walikuwa wanaisubiri mikanda. Aliniachia chai yake mezani akaenda zake, na mimi nikampigia simu nesi Shija, anayesimamia majaribio kwenye zahanati ya Ikongwa. Kwa bahati simu ilipita.

"Mzee Mihayo?" nesi Shija alishangaa. "Dada, yule tulishamzika. Alianguka mtini akirina asali."

"Mbona hukuandika taarifa?"

"Niliandika siku ileile. Mfumo ukanijibu kwamba mgonjwa ana mapigo, nihakikishe upya. Nikaandika mara ya pili, ukakataa tena. Nikasema basi, wakubwa wataona wenyewe."

"Na mkanda?"

"Siku ile aliuacha nyumbani, nyuki hawaupendi mlio wake. Utakuwa uko kwa mjane bado." Sauti yake ikashuka. "Nisingeweza kwenda kudai vitu vya marehemu kabla ya arobaini, dada. Hata wewe usingeweza."

Ni kweli, nisingeweza. Niliagana naye, nikarudi kuutazama ule moyo kwenye skrini. Ulikuwa unapiga kwa utulivu kama mtu aliyelala mchana baada ya kushiba.

*

Nilikwenda kwa treni, kisha kwa pikipiki ya umeme iliyokwama matopeni mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Mjane, Bi Kabula, alinipokea kwa heshima zote, na aliposikia jina la ukoo wangu akapata hata nguvu ya utani.

"Mgogo amefika mpaka huku? Basi leo tufiche unga."

"Nimeshaunusa uliko, mama," nikamjibu, naye akatabasamu mara ya kwanza.

Mkanda ulikuwa umetundikwa msumarini, chumba cha mbele, juu ya kiti cha marehemu. Nilipoukaribia niliona ukutani, chini ya ule msumari, mchirizi mweupe ulioshuka mpaka sakafuni. Dawa. Kwa wiki tatu maagizo yalikuwa yameshuka kutoka angani, tone baada ya tone, kuutibu moyo wa mtu aliyelala kaburini, na mkanda ukatii. Sisimizi walikuwa wamekufa pale chini.

"Unalia," Bi Kabula alisema. "Wajukuu wanasema babu analia. Nimewakataza kuugusa."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa makatazo ya bibi. Nikautoa ule mkanda, nikakichomoa kichupa, nikamuuliza nani aliuvaa baada ya mzee.

"Nani tena? Mtani."

Akanieleza, na nilipomsikiliza ile Jumamosi ikafunguka yote. Siku ya mazishi alikuja Mngoni mmoja, Osmund Ngonyani, fundi mstaafu wa mabani ya kukaushia tumbaku, rafiki wa marehemu na mtani wake wa miaka mingi. Watu wamekaa kwenye msiba wanalia, Osmund akaingia ndani akatoka amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, na mkanda wa marehemu kifuani. Akaburuta mguu uani. Akawafokea wajukuu kwa kumwaga maji. Akauliza kwa nini watu wote hawa wamekuja kula chakula chake, na huyo anayesemekana amekufa ni nani, maana yeye yupo. Waombolezaji wakacheka mpaka wakaishiwa nguvu, na Bi Kabula mwenyewe alicheka, kisha akalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu maiti ilipoletwa. Jioni mtani akavua vyote, akanawa uso, akautundika mkanda pale alipoukuta.

Kumbe huo ndio moyo wa pili. Na ule wa tatu? Mkanda ulirudi msumarini, hauna kifua, haupandishi chochote. Hodhi haikupokea mapigo yoyote tangu Jumapili ile. Iliyatunga.

Nilikuwa bado nalimeza hilo pale Osmund alipoingia mwenyewe, mzee mrefu, mkavu, amevaa kofia ya mtu mwenye kichwa kikubwa kuliko chake.

"Nimeambiwa serikali imekuja kunikamata kwa kuiba roho ya Mnyamwezi," alisema. "Waambieni ilikuwa mbovu, nimeirudisha."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pingu ziko wapi?"

Nilimwomba aketi, nikampima kwa kipimo changu cha safari. Sikuhitaji, nilikwisha kuona mapigo yake ya mchana mzima, lakini nilitaka kuusikia tena moyo wake kabla sijafungua mdomo. Ulikuwa uleule: unakimbia, unajikwaa, unasita.

"Mzee Osmund, moyo wako unaumwa."

Alinitazama akisubiri nicheke. Sikucheka. Bi Kabula akashika mdomo.

"Kumbe nilimwigiza mpaka ugonjwa," alisema taratibu.

"Hapana, baba. Wako ni mbaya kuliko wake."

Akavua ile kofia akaiweka gotini. Alisema alidhani ni uzee. Kwamba siku hizi akitembea mpaka kisimani kifua kinabana, na usiku analala ameegemea mito. Kisha akaunyooshea kidole mkanda niliokuwa nimeushika.

"Huo ungenifaa?"

"Ungekufaa sana."

"Basi nipe. Mwenyewe hauhitaji tena."

"Haujaruhusiwa kutolewa kwa wagonjwa wapya."

"Nani anazuia?"

"Mimi," nikasema.

*

Zahanati ya Ikongwa ilinipa meza karibu na dirisha. Ng'ambo ya uwanja ilikuwa shule ya msingi, na sauti ya mwalimu wa hesabu, Sospeter Kasigwa, ilinifikia akiwauliza watoto saba mara nane. Alikuwa mmoja wa wagonjwa wetu. Asubuhi alinipita akisukuma baiskeli, akanipigia saluti ya kuchekesha huku akiugusa mkanda ndani ya shati.

Mtandao ulipotulia nikampata Bi Rukiya, mhandisi wa Hodhi, mwanamke mpole wa Unguja ambaye hajawahi kunijibu vibaya hata nilipostahili.

"Dada Damari, hilo si kosa," alisema nilipomaliza kumweleza. "Hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Duka likikatikiwa mtandao, mwenyewe anataka kuona mauzo, hataki kuona shimo. Hodhi inaangalia aliuza nini jana, inaangalia wanaofanana naye, inajaza. Mtandao ukirudi, ukweli unafuta makisio."

"Na usiporudi?"

"Makisio yanabaki."

"Nesi aliandika kifo mara mbili. Hodhi ikamkatalia."

"Taarifa moja ya mkono dhidi ya maelfu ya mapigo. Ilidhani ni kosa la uandishi. Kwenye duka ingekuwa sahihi."

"Mnaweza kuyatia alama makisio, yajulikane?"

"Tunaweza leo hii. Ipo, ni kuiwasha tu."

"Kwa nini kwetu haikuwashwa?"

"Hamkuomba, dada yangu."

Ni kweli hatukuomba. Kwenye maelezo yao waliandika wazi kwamba Hodhi haina mapengo, nasi tukafurahi, na hakuna aliyeuliza inafanyaje kukosa mapengo katika nchi yenye radi. Hata mimi mwenye kumshuku mkunga. Nilijisikia mjinga, tena mjinga mwenye cheo.

Ungedhani basi kazi imekwisha: washa alama, tia sahihi, nenda nyumbani. Lakini mkanda una sheria moja, nami ndiye niliyeiandika: usimdondoshee mgonjwa dawa kwa agizo lisilotokana na kipimo. Mkanda ukijua kwamba unachoambiwa ni makisio, unanyamaza. Nilichukua mapigo yote ya masika yale, nikayapitisha upya kana kwamba alama zilikuwa zimewashwa tangu mwanzo, nikakaa kutazama kingetokea nini. Mikanda ilizimika mmoja baada ya mwingine, kijiji baada ya kijiji, kila minara ilipoanguka. Februari, wiki ile ya mafuriko, mkanda wa mwalimu Sospeter ungekuwa umenyamaza siku zote wakati moyo wake unaanza kwenda mrama. Nilimtumia daktari wetu michoro nikamwomba asinifiche. Akanijibu kwamba mwalimu asingefika Pasaka, na wengine kadhaa pamoja naye.

Ng'ambo ya uwanja mtu huyohuyo alikuwa anamsifu mtoto kwa kupata hamsini na sita.

Kwa hiyo uongo ulikuwa umemponya. Hodhi ilimkisia vizuri, ikampa dawa aliyoihitaji bila kumwona. Ningefurahi kama ingekuwa ilikisia ovyo. Ningeikataa bila kupepesa macho. Tatizo lake lilikuwa kwamba ilikisia kwa ustadi.

Nikampigia Elinami. Alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa haki.

"Upande mmoja una watu walio hai," alisema. "Upande wa pili una marehemu mmoja ambaye hakuumia. Dawa imemwagika ukutani, Damari. Ukuta haujafa."

"Safari hii ni ukuta. Kuna wajukuu mle ndani."

"Tutaandika onyo."

"Na nesi akisema mtu amekufa, mashine ikasema hajafa? Au nesi akisema mtu anazidiwa, mashine ikasema hajambo? Tutaandika onyo pia?"

"Ukikataa, unajua kanuni. Mikanda yote inavuliwa mpaka toleo jipya likaguliwe. Yote. Sikulazimishi, nakukumbusha tu."

"Nimekumbuka, bosi."

Niliifunga simu nikakaa. Sauti ya mwalimu ilikuwa imehamia kwenye kugawanya.

*

Nilimfuata Osmund kwake kwa sababu nilitaka ayasikie kutoka kwangu. Nilimkuta kibarazani anasuka upya kamba ya kitanda, na mkewe akatuletea karanga za kuchemsha. Nilimweleza yote kwa lugha ya kawaida: minara, makisio, ukuta, mwalimu. Hakunikatiza.

"Sasa mbona unakunja uso?" aliuliza nilipomaliza. "Huyo mwenzangu wa angani anakisia. Vizuri. Hata mke wangu anakisia. Nikichelewa kurudi anajua nimekaa kwa nani na nimekunywa nini. Hajakosea bado."

"Hapo umesema kweli," mkewe akaitikia kutoka ndani.

"Na ukifa njiani, mzee?"

"Ataniwekea chakula."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aje mtu amwambie."

"Akija mtu akamwambia, halafu yeye akasema hapana, mume wangu yuko njiani, namjua?" Niliona mikono yake imesimama kwenye kamba. "Aambiwe mara ya pili, akatae. Aendelee kupakua kila jioni."

Osmund alitafuna karanga polepole. "Huyo atakuwa amechanganyikiwa."

"Ndiyo ninachokikagua, baba. Kukisia nakusamehe. Hata kuigiza. Wewe ulipovaa koti la mzee Mihayo, hata mtoto alijua ni nani yuko ndani, na jioni ukalivua. Hii haivui. Wala haijui kwamba imevaa."

Nilidhani nimesema jambo zuri. Nilijisikia hata fahari kidogo. Osmund akaiweka kamba chini, na kwa mara ya kwanza utani wote ukamtoka usoni.

"Mwanangu, maneno yako ni mazuri, na mimi kifua kinanibana. Nipe huo mkanda uliochanganyikiwa. Unidanganye, lakini nione mavuno."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, ananitazama, na macho yake yalikuwa yanauliza jambo lilelile bila ustaarabu wa mumewe. Nilitamani kuwa mtu mwingine mwenye kazi nyingine, muuza vitambaa, mtu ambaye akikosea anarudisha mita moja.

"Siwezi, baba," nikasema.

"Una roho ngumu."

"Ndiyo."

"Haya." Akaichukua kamba yake tena. "Kula karanga, zitapoa."

*

Nilikataa kutia sahihi. Niliandika masharti matatu ya kuikubali Hodhi: makisio yote yawe na alama, neno la mtu aliyefika na kuona lishinde makisio, hata yakiwa mengi namna gani, na mkanda, ukiletewa agizo la makisio, usiamue wenyewe bali umuulize mvaaji. Kile kipaza sauti kidogo cha kuonya betri kikafundishwa maneno mapya: Sikusikii. Ninakisia. Nikupe dawa? Mtu abonyeze kitufe kama anakubali. Asipobonyeza, hakuna dawa, na nafasi yake kwenye skrini ibaki tupu. Nilibadilisha pia sheria yangu mwenyewe, nikaongeza maneno matatu: isipokuwa mwenyewe ameridhia. Kazi hiyo ilihitaji miezi. Bi Rukiya aliifanya kwa moyo kuliko nilivyotegemea; alikiri kwamba tangu nimweleze habari ya ule ukuta hajaipenda kazi yake kama zamani.

Nesi Shija alizunguka vijijini kuivua mikanda. Aliniambia mwalimu Sospeter alimkabidhi wake akiwa ameukunja vizuri kwenye gazeti, akauliza kama kuna kosa alilofanya.

Mwalimu alifariki mwezi wa nane. Walimkuta mezani, madaftari ya darasa la tano yako mbele yake, nusu yamesahihishwa.

Siku hiyo sikula. Naweza kusema sikumuua mimi, na ni kweli. Naweza kusema angekuwa hai kama ningetia sahihi, na hilo nalo huenda ni kweli. Nimejaribu mara nyingi kushika moja kati ya hizo mbili na kuiacha nyingine, nimeshindwa. Elinami hakunilaumu. Alikuja akakaa kwenye kiti cha wageni, akazungumza habari za mvua, kisha akaondoka, na nilimshukuru kwa hilo.

Osmund alilazwa Tabora, akatoka, akalazwa tena. Vidonge vilimshikilia kwa shida. Toleo jipya lilipopita ukaguzi, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungwa mkanda Ikongwa, na nesi Shija akanipigia simu akicheka. Mkanda ulipomuuliza kwa mara ya kwanza kama umpe dawa, mzee aliujibu kwa matusi ya Kingoni kwa dakika nzima, ndipo akabonyeza. Tangu hapo kila minara ilipozimika watu walimsikia kibarazani anabishana na kifua chake. Majirani walikuja kusikiliza. Bi Kabula alisema ni afadhali, angalau amepata mtu wa kumtania ambaye haendi kulala.

Nami nilimfuatilia kutoka Dodoma. Sikutakiwa kuwa na mgonjwa ninayempenda kuliko wengine, lakini nilikuwa naye.

Januari ilipiga dhoruba iliyong'oa minara yote kutoka Kaliua mpaka Urambo. Nafasi za wagonjwa kwenye skrini zikawa tupu moja baada ya nyingine, na kwenye kila moja yakatokea maneno tuliyokubaliana: Hakuna kipimo. Ya Osmund ilikatika akiwa vibaya. Mapigo yake ya mwisho yalikuwa yanajikwaa kuliko kawaida, yamesita, kisha hakuna kitu. Mto ulikuwa umefurika kati ya zahanati na nyumba yake. Nesi Shija alikuwa ameondoka kwa miguu kuzunguka kwa juu, hivyo ndivyo ujumbe wake wa mwisho ulivyosema kabla simu yake nayo haijazimika. Kama mkanda ulimuuliza mzee, sikujua. Kama alikuwa na nguvu ya kubonyeza, sikujua.

Elinami aliingia akasimama nyuma ya kiti changu. Alitazama ile safu ya nafasi tupu kwa muda.

"Mwaka jana hapa tungekuwa tunaona mapigo," alisema. Hakusema kwa kunisuta.

"Tungekuwa tunaona."

"Huyu mzee wako, yuko hai?"

Nikajikuta nimeshaanza. Nilikuwa nimemkalisha kibarazani, nimemvika ile kofia kubwa, nimempa mapigo ya wiki iliyopita, yale mazuri, nimemsikia akitukana, nimembonyezea kitufe mimi mwenyewe. Alikuwa hajambo kabisa. Alikuwa anasubiri mvua ipungue. Ilichukua muda nitambue ninachofanya, na kumwondoa pale kibarazani kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani, maana sikuwa na mahali pengine pa kumweka.

"Sijui," nikasema.

Mkurugenzi akavuta kiti akaketi kando yangu. Tuliitazama ile nafasi tupu, wote wawili, na sikuwahi kumpenda mzee yule kama nilivyompenda wakati ule nilipokuwa siwezi kumwona.